Majani Ambayo Sikuyaona

Nakumbuka alasiri moja ya mvua, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, nilipouza jina la mtu kwa andazi moja. Wala halikuwa andazi la maana, mwanangu. Lilikuwa la jana, limekauka pembeni, na chai niliyolisukumia ilikuwa imepoa. Lakini andazi hilo lilimtoa mtu mzima nyumbani mwake, likampeleka mahakamani, na mimi likanipa funzo ambalo nimelibeba hadi leo, ndevu zangu zikiwa na rangi ya majivu. Kaa hapo nikusimulie.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilizaliwa Kipkelion, karibu na stesheni, na shule niliiacha darasa la sita kwa sababu ambayo wajukuu wangu huicheka: nilitaka kujua treni ya mizigo hulala wapi. Nikadandia behewa, nikafika mwisho wa safari, nikagundua kwamba hailali. Tangu siku hiyo darasa halikuniona tena. Nilifyatua matofali Sigowet, nikasukuma mkokoteni wa maji Longisa, nikakamua ng'ombe wa watu ambao majina yao nimeyasahau ingawa ya ng'ombe nayakumbuka. Kila nilipofika niliuliza maswali. Kwa nini mvua ya Kericho hufika saa nane, kama karani anayetoka kula chakula cha mchana? Nani alimfundisha nyuki njia ya kurudi? Watu walinipenda kwa maswali yangu, na zaidi kwa majibu, kwa maana nisipopata jibu nilijitungia. Ndiyo sababu nikaitwa Redio. Jina hilo lilinifurahisha sana. Sikujua kwamba redio nayo hupigwa kofi ikianza kukwaruza.

Kutembea kwangu kukanifikisha kwenye shamba moja kubwa la chai la kampuni, kati ya Kericho na Bomet. Nikaandikwa kibarua mwezi wa Julai, kwenye kikosi cha kupogoa.

Huenda wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze. Chai ukiiacha ni mti. Hutaka kwenda juu tu, kama kijana. Basi kila baada ya miaka michache hukatwa kwa kisu, ikabaki vijiti vitupu vya kufika gotini. Ukipita siku hiyo utadhani moto umepita. Matawi yaliyokatwa huachwa papo hapo yakauke na kuoza, yairudishie ardhi nguvu. Hiyo ilikuwa kanuni ya kampuni na ni kanuni nzuri. Kisha mnangoja. Kwa miezi mitatu hivi hakuna jani la kuchuma hapo, hata ungelia.

Nyapara wetu alikuwa Mzee Mogaka, Mkisii aliyekuja kwenye chai akiwa kijana na kuzeekea humo. Alikuwa mfupi, mkimya, na alikuwa akigusa shina kabla ya kulikata kama mtu anayepima homa ya mtoto. Mimi natumia mkono wa kushoto, na jambo hilo lilimpa taabu.

"Wewe Redio," aliniambia siku ya kwanza, "tazama mikato ya wenzako. Yote inaangalia Bomet. Ya kwako inaangalia Kisumu."

"Mzee, labda chai yangu ina ndugu Kisumu."

Vijana wakacheka. Mzee Mogaka hakucheka, lakini nilimwona akigeuka kuficha mdomo. Nilikaa kwake mwezi huo mmoja tu. Agosti ilipoingia nikahamishwa kwenye trekta, kupakia kuni za kiwanda.

Meneja wa sehemu yetu alikuwa Bwana Koskei, mtu mrefu wa kutembea na pikipiki, ambaye alikuwa akimjua kila mchumaji kwa jina na kumuulizia watoto. Alikuwa ameitumikia kampuni hiyo miaka mingi, akianzia ukarani wa mizani. Nyumba ya meneja ilikuwa juu ya kilima, na mkewe, Mama Chebet, alikuwa mwalimu. Alikuwa akitusalimia hata sisi wa trekta.

Sasa sikiliza nilichokiona mimi. Siku moja ya Agosti trekta letu lilipita njia ya juu, karibu na kijito, pale shamba linapopakana na mashamba ya wakulima wadogo. Nikamwona Bwana Koskei amesimama kando ya pikipiki yake. Nikaona wanawake wa kambi yetu ya vibarua wakipitisha magunia kwenye pengo la ua. Matatu, au manne. Trekta halikusimama. Nilitazama kwa muda ambao mtu angetumia kumumunya peremende hadi nusu. Basi. Hicho ndicho nilichokiona, mwanangu, na kama ningekufa siku hiyo ningekufa na ukweli wangu wote.

Lakini sikufa. Wiki ileile mvua ilinikuta kwenye hoteli ya Mama Cherono, pale sokoni, pamoja na madereva na wauza makaa. Mfukoni sikuwa na kitu, na kulikuwa na harufu ya mandazi. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na mimi mkono wangu ukiwa mtupu ulimi ulikuwa haupumziki.

"Mnajua niliona nini kule juu?" nikaanza.

"Redio imewashwa," akasema dereva mmoja. "Haya, habari za saa."

"Meneja wetu. Amesimama kando ya ua. Magunia kumi yanavuka ng'ambo."

"Magunia ya nini?"

"Wewe unafikiri ni ya nini?"

"Sema wewe! Wewe ndiye ulikuwa na macho."

Hapo, mwanangu, njia ilikuwa imegawanyika. Ningesema "sijui." Neno moja tu. Lakini "sijui" haijawahi kununuliwa andazi na mtu yeyote.

"Majani," nikasema. "Majani mabichi! Yananukia utomvu. Yanaenda kuuzwa kama ya wakulima."

"Haki?"

"Haki ya Mungu."

"Ai! Mama Cherono, mpe huyu andazi. Hii si habari ya kusikiza na tumbo tupu."

Kila mtu akacheka, nami nikala. Kwenye meza ya pembeni alikuwa mkuu wa ulinzi wa kampuni, kofia yake gotini. Yeye hakucheka. Alimaliza chai yake, akalipa, akanipa tabasamu dogo kama mtu aliyeokota kitu.

Kesho yake nikaitwa ofisini. Nilidhani nimefutwa. Kumbe nimewekewa kiti. Mtu ambaye hajawahi kuwekewa kiti ofisini hawezi kuelewa jambo hilo. Karani akaingiza karatasi kwenye taipureta, mkuu wa ulinzi akaniuliza maswali, na kila niliposema kitu mashine ikalia ta-ta-ta. Maneno yangu! Mwalimu wa darasa la sita hakuwahi kuandika chochote changu isipokuwa jina langu kwenye orodha ya wapiga kelele. Na sasa niliyoyasema yalikuwa yanatokea kwenye karatasi nyeupe, herufi zimenyooka kama mistari ya chai.

"Uliyaona wapi magunia?" akauliza mkuu wa ulinzi.

"Kule juu, karibu na kijito."

"Hapo ni shamba namba saba."

"Ndiyo, saba."

"Na ndani yake kulikuwa na majani mabichi?"

Mashine ikanyamaza, ikiningoja. Mwanangu, nikuambie kweli yote: nilijua. Shamba namba saba nilikuwa nimelipogoa mimi mwenyewe mwezi uliotangulia. Nilijua kama mtu anavyojua ana jino bovu, akawa anatafunia upande wa pili.

"Mabichi," nikasema. Ta-ta-ta. Nikatia sahihi.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hilo tuliimbishwa shuleni, lakini siku tulipofafanuliwa maana nadhani nilikuwa kwenye treni.

Siku tatu baadaye Bwana Koskei akapewa barua. Aliachishwa kazi papo hapo kwa wizi wa majani, na nyumba aiache kabla ya jua kutua. Mimi, kwa udadisi wangu, nikapanda kilima kwenda kutazama. Watu wa lori la kampuni walikuwa wametoa viti na vitanda nje kwenye nyasi, na mvua ya saa nane ilikuwa haijasahau kazi yake. Mama Chebet alikuwa amevipanga vibuyu vyake vya mursik, yale maziwa yetu yaliyoganda, chini ya meza ili visinyeshewe, na madaftari ya wanafunzi wake ameyafunika kwa aproni ya plastiki ya kuchumia chai. Watu wa kambi walikuwa wamesimama mbali. Mtu akaninyooshea kidole, "Ni huyu."

Mama Chebet akaniona. Nilitamani anitukane. Akasema tu, kama siku zote, "Habari yako, kijana? Hujanyeshewa?"

Nikakimbia. Nilijiambia ni kwa sababu ya mvua.

Bwana Koskei hakunyamaza. Aliishtaki kampuni. Wengine walidhani anataka kiinua mgongo chake, na hicho alikidai kama mtu yeyote. Lakini alichokitaka zaidi, na alikisema hadharani, ni barua: kampuni iandike kwa mkono uleule uliomwita mwizi kwamba hakuiba. Nani angemwajiri mtu wa makamo aliyefukuzwa kwa wizi? Na kanisani angekaa benchi gani? Ukoo wake wote ulikuwa humo humo kwenye nchi ya chai, ambako jina huvuka vilima upesi kuliko gari.

Kesi ya kampuni na mkubwa wake si kesi ya kuku, mwanangu. Ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Mwaka ukapita na zaidi. Wakati huo mimi nilipewa sare ya ulinzi na chumba changu peke yangu, nikaambiwa kesi ikiisha nitaandikwa kazi ya kudumu. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Mimi nilikuwa nyasi niliyejiona fahali wa tatu.

Jambo lenyewe lilisimama hapa. Bwana Koskei alisema namba saba lilipogolewa Julai, kwa hiyo Agosti hapakuwa na jani la kuiba. Magunia yale yalikuwa ya vijiti vikavu vya kuni, ambavyo aliwaruhusu wanawake wa kambi wachukue. Kampuni ikasema hapana, Koskei alilipogoa Agosti hiyohiyo, siku chache kabla hajafukuzwa, ili kuficha kwamba majani yake yalikuwa yamekwisha kuchumwa na kuuzwa. Na daftari la shamba halifai kuwa ushahidi kwa sababu Koskei aliliandika mwenyewe. Vibarua wa Julai walikuwa wametawanyika. Wanawake wa kuni waliogopa kufukuzwa. Basi kesi ikaegemea karatasi yangu. Kwa nini wakubwa wa kampuni waliamini hivyo, au kama waliamini kweli, sikujua, na leo sitakubunia. Nimekwisha kubuni vya kutosha.

Jumapili moja kabla ya siku yangu ya kutoa ushahidi, Mzee Mogaka alinifuata chumbani. Alikuwa ametoka kanisani, amevaa koti lake jeusi la Jumapili.

"Vaa viatu," akasema. "Twende tutembee."

Akanipeleka njia ya juu hadi namba saba. Chai ilikuwa imefunga tena, kijani tupu, sawasawa kama meza. Mzee akasimama katikati ya mistari.

"Piga magoti."

"Mzee, ni kwenye matope."

"Piga magoti. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname."

Nikapiga magoti. Akaniambia niingize mkono chini ya majani, nishike shina, nipapase pale lilipokatwa. Nikapapasa. Kovu lilikuwa pale, limepona, limezibwa na ngozi ngumu.

"Linaangalia wapi?"

Nikapapasa tena.

"Nimekuuliza, linaangalia wapi?"

"Kisumu," nikasema.

"Shina la pili?"

"Kisumu."

Tukaenda hivyo mashina saba au manane, yeye amesimama na koti lake safi, mimi nikitambaa. Mwishowe akachutama, magoti yakilia, akanitazama usoni.

"Kijana, ulikuwa kwangu Julai peke yake. Agosti ulikuwa unapakia kuni, Septemba umevaa sare. Mkono huu hapa kwenye mti ni wako. Sasa niambie, yale majani uliyoyaona Agosti yalitoka kwenye kijiti gani?"

Machozi yalinitoka, mwanangu, na sioni haya kusema.

"Lakini wewe mzee ulikuwepo," nikamwambia. "Kwa nini wewe usiende useme?"

"Nilikwenda. Nikasema. Wakasema huyu mzee, mke wake alipougua, alikuwa akiletewa maziwa na Koskei, kwa hiyo ni rafiki. Na ni kweli, aliniletea. Ushahidi wangu wakautia kwenye kibuyu hicho cha maziwa wakaufunika." Akajipangusa matope kwenye kiganja. "Wewe hukuletewa maziwa. Wewe ulipewa sare. Kwa hiyo wewe ukisema, watasikia."

"Nitafukuzwa."

"Utafukuzwa," akasema. "Tena haraka." Akainuka kwa kunishika bega. "Lakini kijana, nyumba ya kwanza ya mtu ni mdomo wake. Wewe umempangisha nani humo?"

Tuliporudi aliniuliza habari za mama yangu, kana kwamba tulikuwa tumetoka kutazama ng'ombe.

Siku ya mahakama ikafika. Niliapa kwa Biblia, mkono wa kulia, na hata hivyo niliona mkono wa kushoto ukinitazama. Wakili wa kampuni alikuwa ametoka Nairobi, viatu vyake havikuwa na doa la matope ya kwetu. Aliniongoza kwa upole. Nilikuwa nimetayarishwa, nilichotakiwa ni kusema ndiyo.

Lakini mahakamani, mwanangu, hapakuwa na taipureta. Hakimu alikuwa akiandika kila neno kwa mkono wake. Ukisema haraka anainua kalamu: "Polepole." Unasema neno, unangoja kalamu ifike. Sijawahi kuyasikia maneno yangu yakichukua muda mrefu namna ile. Kwenye hoteli ya Mama Cherono yaliruka kama panzi. Hapa kila moja lilisimama likanigeukia.

"Uliona magunia ya majani mabichi yakitoka shamba namba saba," akasema wakili. "Sivyo?"

"Niliona magunia."

Kalamu ikaandika.

"Ya majani mabichi."

"Sijui."

Wakili akainua kichwa. "Samahani?"

"Sijui yalikuwa na nini. Sikuona ndani. Nilikuwa juu ya trekta na trekta lilikuwa linakwenda."

"Polepole," akasema hakimu. Nami nikarudia, polepole, na mara ya pili ikawa rahisi kuliko ya kwanza.

"Lakini hapa umeandika kwamba uliona majani!" Wakili akapunga karatasi yangu nyeupe.

"Hayo niliongeza chumvi, mheshimiwa. Na shamba hilo nilikuwa nimelipogoa mimi mwenyewe Julai. Lilikuwa vijiti vitupu. Kama korti inataka, mikato yangu bado ipo. Inaangalia Kisumu."

Watu wakacheka. Karani wa korti akawanyamazisha. Hakimu akaweka kalamu chini kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kijana, kwa nini ulitia sahihi jambo ambalo hukuliona?"

Nilitafuta jibu zuri. Maishani mwangu sikuwahi kulikosa. Siku hiyo lilikuja moja tu, nalo lilikuwa dogo na la aibu. "Kwa sababu waliniandikia kwa mashine, mheshimiwa. Na waliniwekea kiti."

Hakuna aliyecheka. Hakimu akanitazama, akaniambia kwamba kutia sahihi uongo kungeweza kunifikisha jela, na kwamba nisimame nikumbuke maneno hayo. Nimesimama nayo hadi leo.

Hukumu haikusomwa. Mawakili waliomba muda, wakakaa, wakapatana. Kampuni ikafuta tuhuma, ikamlipa haki zake, na ikaandika ile barua, yenye mhuri: Bwana Koskei aliondoka kwenye utumishi akiwa na jina safi. Kazini hakurudi, wala hakutaka. Mimi nilivua sare jioni ileile, nikaikunja vizuri, nikaiacha kitandani. Nilipopitia kwa Mama Cherono aliniita, "Redio! Leo kuna habari gani?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi keti, leo nakupa andazi la kunyamaza." Na lilikuwa la moto.

Ilinichukua wiki kadhaa kupata miguu ya kwenda kwa Bwana Koskei. Alikuwa amehamia kwenye shamba lake dogo, si mbali na Sigowet. Ng'ombe wawili, mahindi, na chai yake ya mistari michache. Nilimkuta anatengeneza ua. Nikaomba msamaha nikiwa nimesimama kwenye lango, kwa maana sikujua kama naruhusiwa kuingia.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Weri," yaani kijana, kwa Kipsigis, "mimi pia nilikosa. Kanuni ilisema vijiti vibaki shambani. Nikaona akina mama wanapika kwa matambara na mavi ya ng'ombe, nikawaonea huruma. Huruma ni nzuri. Lakini ningeandika barua niombe ruhusa, badala ya kusimama kando ya ua kama mlinzi wa wezi. Mtu akifanya wema kwa kujificha, anamwachia mwingine nafasi ya kuupa jina."

Mama Chebet akatoka na bakuli la mursik. "Ingia, utanyeshewa," akasema, na kweli saa nane ilikuwa inakaribia.

"Unajua kupogoa?" Bwana Koskei akaniuliza.

"Kidogo, mzee."

"Najua. Nimeiona mikato yako. Hata hapa kwangu sitaki chai inayoangalia Kisumu, lakini nitavumilia."

Kesho yake nilipogoa chai yake tangu umande hadi mvua. Nilikata polepole, nikigusa shina kwanza kama Mzee Mogaka. Nilipomaliza, Bwana Koskei akaja akasimama mwisho wa mstari.

"Umekata mashina mangapi?"

Yule Redio wa zamani angesema mia tatu na kumi na saba, tena angeapa. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

"Sijui, mzee. Sikuhesabu."

Alinitazama, mabega yake yakaanza kutikisika. Akageuka akapaza sauti kuelekea jikoni, akicheka hadi machozi, "Mama Chebet! Mama Chebet, njoo usikie! Redio amesema hajui!"

Nilikaa kwao misimu miwili. Ndiyo kazi niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote ujanani mwangu, kabla miguu haijaanza tena kuniwasha.

Sasa mwanangu, wewe umesoma kuliko mimi, na kazini kwako siku moja utaitwa chumba chenye kiti. Mkubwa wako atakuwa na ugomvi na mkubwa wake, na mtu mwenye sauti laini atakuomba uandike ulichokiona. Kiandike. Usimfiche mwovu, wala usiogope kumtetea mwema. Lakini andika ulichokiona, uishie pale macho yako yalipoishia. Ulichosikia kiite ulichosikia. Ulichodhani kibaki nyumbani. Na wakikuuliza usilolijua, uwe na ujasiri wa kusema sijui hata kama mashine imenyamaza ikikungoja. Neno hilo halitakupa andazi, lakini halitamtoa mtu nyumbani mwake kwenye mvua. Na kama umekwisha kukosea, usingoje jino lioze lote. Rudi shambani, piga magoti, papasa kovu lako mwenyewe, kisha useme. Utapoteza sare. Sare si ngozi.

Ukiwa wewe ndiye meneja, fanya wema wako mchana na uutilie sahihi.

Nenda basi, Mungu akuongoze. Akupe macho yanayotosheka na kile yalichoona, na ulimi wenye subira ya kungoja kalamu. Akuletee Mogaka wako siku utakayopotea, mwenye koti safi na asiyeogopa matope. Na popote mvua ya saa nane itakapokukuta, akupe mlango wa mtu uliyemkosea, nao uwe wazi, na sauti ndani yake ikikuambia: ingia, mwanangu, utanyeshewa.